Nilivyoangusha mtandao wa ofisi nikiwa fildi: kisa kizima na uchambuzi wake

Naanza na mwisho ili msije mkasoma mpaka chini mkitafuta mchawi. Mchawi nilikuwa mimi. Ila nilivyokuwa mchawi ndo kisa chenyewe, maana ile rauta niliyoiweka ilipiga kazi wiki nzima bila mtu kulalamika, na siku ilipoangusha ofisi mimi hata sikuwa nimeigusa.

Nilikuwa mwaka wa pili diploma ya IT, nimepata fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kampuni moja ya kusambaza bidhaa za jumla, barabara ya Nyerere pale Dar, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, magodauni yamepangana kulia na kushoto. Jina siweki, watu wake walinilea vizuri tu. Kamusi ina neno zuri sana, mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi, ila ofisini hakuna anayekuita hivyo, we ni dogo wa fildi. Na dogo wa fildi kazi zake zinajulikana: printa imetafuna karatasi, projekta ya kikao haiwaki, mtu kasahau paswedi, na Ijumaa unajaza logibuku utafikiri umejenga satelaiti. Idara nzima ya IT ilikuwa na mtu mmoja na nusu. Mmoja ni supavaiza wangu, dada mmoja wa miaka thelathini na kitu, mpole ila macho yake hayapitwi na kitu, nusu ndo mimi.

Ofisi ilikuwa na kompyuta 46. Chini kuna kaunta ya ankara na stoo, juu wahasibu, watu wa mauzo na chumba cha bodi. Seva moja, kompyuta kuu ya ofisi, imekaa kwenye kabati, ndo inabeba mfumo wa mauzo na ndo inagawa namba za IP, yaani anwani za kwenye mtandao, kwa kila mashine. Kila kompyuta ya pale namba yake ilianza na 192.168.10. Hiyo 10 ishikeni, ndo kisa chote kimelala hapo.

Sasa rauta ilifikaje. Jumatatu ya wiki moja kabla ofisi haijaanguka, bosi wa mauzo alinikamata kwenye ngazi, akaniambia kijana, kule chumba cha bodi waifai haifiki, nina wageni wiki ijayo, hebu tuwekee kitu. Mi nikasema sawa bosi. Dada alikuwa bize anajiandaa na safari ya Mwanza kufunga mashine za tawi, nikaona nisimsumbue kwa kitu kidogo hivi, nikaingia stoo nikapata kirauta cha zamani cha antena mbili, nikakifuta vumbi nikakiweka juu ya kimeza kule kona. Kwa wasiojua, vile virauta vya nyumbani nyuma vina matundu matano yanayofanana umbo, moja limetengwa kwa rangi, hilo ndo la kuingizia mtandao unaotoka nje, manne yaliyobaki ni ya kugawia ndani. Nikachomeka kebo ya ukutani kwenye lile moja, nikaweka jina na paswedi, simu ikashika, bosi akaja akajaribu yake akasema safi sana kijana. Siku hiyo nilitembea kama mlango ni mwembamba.

Dada sikumwambia. Na niseme ukweli, wala sikuwa namficha, niliona tu ni kitu cha kuandika mstari mmoja kwenye logibuku basi.

Jumatatu iliyofuata, mwisho wa mwezi, dada yuko Mwanza. Saa mbili kasoro robo mama wa kaunta ananipigia, mwanangu njoo mfumo umegoma. Nikashuka mbio. Kaunta ina mashine tano, tatu hazioni seva, mbili zinafanya kazi kama kawaida, na zote ziko meza moja zimechomekwa sehemu moja. Nikafanya kinachofanywaga, nikazima nikawasha. Moja ikarudi. Nikashangilia. Mama akatoa ankara mbili, jirani yake, ambaye mashine yake ilikuwa nzima, naye akaizima akaiwasha eti ili iwe na kasi kama ya mwenzie, ikafa.

Kufika saa tatu nilishapigiwa simu mpaka nikaanza kuziandika kwenye mkono, kompyuta 19. Nje malori yamejipanga yanasubiri ankara, madereva wamekaa chini ya mwembe wanakunywa kahawa na wananiangalia mimi nikipita kama vile nimekula nauli yao. Nikawapigia watu wanaotuletea intaneti, wakapima wakasema laini yenu iko safi. Nikampigia dada, simu imezimwa, nikajua yuko hewani. Hapo nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka najikuna kichwa: nikaenda kabatini nikazima swichi kubwa, kile kifaa kinachounganisha kebo zote za ofisi, nikahesabu mpaka kumi, nikaiwasha.

Kutoka 19 zikawa 31.

Wahasibu wawili ambao walikuwa wanafanya kazi zao kimya kimya wakatoka mlangoni wakiwa wameshika miwani, umefanya nini? Sikuwa na jibu.

Kabla sijaendelea ngoja nieleze kilichokuwa kinatokea ndani ya waya, maana bila hicho kisa kinakuwa cha mikosi tu. Kompyuta mpya ikiwashwa haina anwani, inapaza sauti kwenye mtandao mzima, jamani nani anagawa namba hapa? Anayejibu ndo huyo tunamwita DHCP. Mchukulie kama dalali wa vyumba, mpangaji anashuka na begi lake, dalali anamwambia chumba chako hiki, getini pita hapa, ukitaka kwenda mjini barabara ni ile. Mpangaji hamuulizi dalali kitambulisho. Wakiwepo madalali wawili mtaa mmoja, anamfuata aliyemfikia kwanza, basi. Na kanuni zenyewe zinazotumika hadi leo ni za 1997, zilitungwa kama vile wote waliomo kwenye waya ni watu wa nyumba moja wanaoaminiana.

Ofisini kwetu dalali halali alikuwa seva. Jumatatu hiyo kulikuwa na wa pili, kirauta changu. Wiki nzima kilikuwa kinadalali watu wake wa waifai tu kule ndani, kwa sababu lile tundu la rangi ni kama ukuta, madalali wa upande huu hawasikiki upande ule. Sasa Ijumaa jioni mama wa usafi alikuwa anaandaa chumba kwa ajili ya wageni wa bosi, akavuta kimeza apige deki, kebo ikachomoka, akamaliza deki, akairudisha. Akaichomeka kwenye tundu lililokuwa karibu na mkono wake. Matundu matano umbo moja, la sahihi moja tu. Likawa sio lile. Kuanzia dakika hiyo kirauta kikawa kiko ndani ya mtaa kabisa kinatangaza vyumba vyake, namba zinazoanza na 192.168.0, na mjini hakuna barabara kwa sababu lile tundu la kuingizia intaneti lilikuwa tupu.

Ijumaa jioni kompyuta nyingi zilishazimwa ndo maana hakuna aliyejua.

Kwa nini baadhi zife na nyingine zipone? Hapa ndo patamu. Seva ya Windows ukiiacha ilivyokuja inakukodisha namba kwa siku 8. Kompyuta ikiwaka asubuhi haiombi mpya moja kwa moja, inaulizia ile ya zamani kwanza, jamani mi ni 192.168.10.37, bado nipo? Seva inasema upo. Kirauta nacho kinadakia, hiyo namba sio ya mtaa huu, iachie. Jibu linalowahi ndo linalosikilizwa. Ukipata la seva umepona, ukipata la kirauta unaachia namba yako unaanza kuomba upya, na hapo tena ni mbio, ukiangukia kwa kirauta unapewa 192.168.0.104 na unakaa nayo unajiona mzima kabisa, hakuna alama nyekundu wala nini. Kwa hiyo mfanyakazi mtiifu anayezima kompyuta kila jioni kama tulivyomwambia ndo aliumia, na yule mhasibu tunayemsema kila siku kwa kuacha mashine inawaka wikendi nzima alipeta, mkataba wake ulikuwa bado haujafika hata nusu. Alipeta mpaka nilipozima swichi. Kuzima swichi ni kama kuchomoa kebo za watu wote kwa mpigo, iliporudi kila mashine ikaulizia namba yake upya, na mbio zikaanza tena kwa wote. Ile dawa yetu ya zima washa siku ile ilikuwa inagawa ugonjwa.

Saa nne kasoro dada akawasha simu akakuta nimempigia mara 11. Akanipigia, hata salamu hakuna, dogo nisomee namba ya IP ya mashine iliyogoma. Nikafungua, nikasoma, dada iko sawa, 192.168 tu kama kawaida. Akanyamaza kidogo. Akasema mdogo wangu, sijakuomba muhtasari, nisomee zote mpaka mwisho, taratibu, kama unamsomea mtu tokeni za Luku.

Moja, tisa, mbili, nukta, moja, sita, nane, nukta, sifuri...

Rudia hapo.

Sifuri.

Jamani namba hiyo nilishaiona asubuhi mara tatu kwenye mashine tatu tofauti. Niliiona kabisa. Jicho lilifika 192.168 likaridhika likaruka. Na hiyo 192.168 sio alama ya kwenu hata kidogo, ni fungu la namba 65,536 ambalo tangu 1996 limetengwa ili mtu yeyote duniani alitumie ndani kwake, nyumbani kwa jirani yako pia ni 192.168. Ni sawa na kuambiwa mgeni anaitwa Juma ukafungua geti kwa sababu na wewe una binamu anaitwa Juma.

Akaniambia andika ipconfig /all, tafuta mstari unaosema seva ya DHCP ni nani. Nikasoma, 192.168.0.1. Akasema haya, seva yetu inaishia na 10.5, huyo ni nani? Fungua kivinjari, iandike hiyo namba uone kinakuja nini.

Ukurasa ukafunguka. Rangi ile ile, kisanduku cha paswedi pale pale katikati. Mwili ukafa ganzi kuanzia mabegani. Vidole vikaandika paswedi vyenyewe, nikaingia, nikasema dada nimeingia.

Kimya. Nasikia honi za kule Mwanza.

"Umeingiaje?"

"Kwa paswedi."

"Nakuuliza paswedi umeitoa wapi."

Nilikuwa na sekunde kama mbili za kuchagua uongo, na niwaambie ukweli uongo ulikuja, tena mzuri, nilitaka kusema nimebahatisha ile paswedi inayokujaga na kifaa. Kilichonizuia sio uadilifu. Nilijua yeye angeuliza aina gani, imekuja lini, nani aliiweka, na mimi uongo wa zaidi ya hatua mbili siuwezi. Nikasema dada hiyo rauta niliiweka mimi, bosi wa mauzo aliomba. Akasema panda uichomoe, halafu nipigie ukiwa umeishika mkononi.

Saa nne na nusu nilikuwa nimesimama chumba cha bodi nimeshika kirauta kama mtu kashika kuku. Kuchomoa tu hakuponyi papo hapo, zile mashine 31 zilikuwa bado na namba za kirauta, na kile kilikuwa kinakodisha kwa saa 2, kwa hiyo ningekaa tu zingejirudia zenyewe moja moja mpaka muda uishe. Ila malori yalikuwa pale nje, nikapita mashine kwa mashine, toa namba, omba mpya, inayofuata. Saa sita nilikuwa nimemaliza, shati limelowa.

Sasa tuchambue, na hapa najua kuna watakaotofautiana na mimi.

Jioni ile mtu wa utawala alishapata habari, na habari ilivyomfikia ilikuwa fupi sana: mama wa usafi kagusa vifaa vya IT, kampuni imesimama nusu siku. Barua ya onyo ilikuwa inaandaliwa. Ni rahisi kuona inavyotokea, mkono wa mwisho kugusa ndo unaoonekana, na bahati mbaya mkono wenyewe ukawa wa mtu ambaye hana kiti kwenye kikao. Dada alinipigia saa kumi na moja akaniambia andika ripoti, ukurasa mmoja, saa kwa saa. Nikaandika nikamtumia kwenye WhatsApp. Akanirudishia kapiga mstari mwekundu sehemu moja tu, niliandika "rauta iliwekwa chumba cha bodi". Chini yake: iliwekwa na nani? Nikaandika jina langu. Barua ya mama haikutoka.

Mi nasema yule mama kosa lake halipo. Kifaa ambacho kinaangusha kampuni kwa sababu mtu amepiga deki hakijafungwa, kimewekwa tu. Na hapa ndo lilipo kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko kutomwambia dada, kubwa kuliko ile swichi. Kwenye kile kirauta kuna sehemu ya kuzima huo udalali, unaondoa tiki moja, unakipa namba ya mtaa wenu, unachomeka kebo kwenye moja ya yale matundu manne, kinabaki kuwa antena tu, namba wanagawiwa wote na seva. Ukishafanya hivyo kebo ikirudishwa vibaya hasara yake kubwa ni waifai ya kile chumba kutofanya kazi, bosi wa mauzo ananuna, ofisi inaendelea. Dakika nne za kazi. Mi nilikifunga ili kifanye kazi nikiwa nakiangalia. Sikukifunga kwa ajili ya siku ambayo mtu mwingine atakigusa na mimi sipo.

Chuoni tulifundishwa DHCP, tena nilipata B+. Tulifundishwa jinsi inavyofanya kazi ikiwa moja. Sikumbuki hata kipindi kimoja tulichowasha mbili makusudi tuone vurugu, na nadhani saa moja ya kufanya hivyo ingenisaidia kuliko muhula mzima wa kuchora vile vimishale vinne vya omba, toa, kubali, thibitisha.

Kuhusu kukaa kimya: watu husema dogo aliogopa. Asubuhi sikuwa naogopa, nilikuwa sikumbuki kabisa. Ile rauta kwenye kichwa changu ilishahamia kwenye faili la vitu vinavyofanya kazi, na nilipokuwa natafuta tatizo nilitafuta kwenye vitu vibovu. Dada angeniuliza asubuhi ile kuna kitu kipya chochote kimeongezwa kwenye mtandao siku za karibuni, ningemjibu hapana kwa roho safi. Kwa hiyo hata lile swali zuri la mafundi wote, nini kimebadilika, lisingenitoa, maana kwangu mimi hakuna kilichobadilika tangu Jumatatu ya nyuma. Kilichonitoa ni swali lingine kabisa, hii namba umepewa na nani, na hilo mashine yenyewe inakujibu, haihitaji kumbukumbu ya mtu.

Dada naye hakujiachia. Aliporudi Alhamisi aliniambia hata yeye ana lake, swichi kubwa ile ina uwezo wa kuzuia madalali feki tangu siku ya kwanza inanunuliwa, unaiambia tundu la seva tu ndo linaruhusiwa kugawa namba, mengine yote yakijaribu inayanyamazisha. Hakuwahi kuwasha. Tukawasha pamoja jioni, mi naandika amri yeye amekaa pembeni anakula karanga. Akaniambia pia isinidanganye, vile viswichi vidogo vya tundu nane vilivyoko chini ya meza za watu havina hiyo akili, dalali akiingia kwenye kimoja atasumbua waliochomeka humo humo, ila hatoki nje. Tukavihesabu, viko sita. Kwenye kila kimoja nikaandika kwa kalamu nene kinaenda wapi.

Bosi wa mauzo alikaa kimya kama wiki, halafu akanisimamisha tena ngazi ile ile, kijana, godauni nako waifai hamna. Nikamwambia bosi naomba umwambie dada. Akanikazia macho, akatoa simu akampigia pale pale, na jibu nililisikia nikiwa nimesimama mbele yake: mpeleke, ila aondoe tiki kwanza.

Mama wa usafi nilimfuata mwenyewe, nikamwamkia, nikamweleza kilichotokea na kwamba sasa hivi hata akirudisha kebo tundu gani haina neno. Akacheka, akasema mwanangu hicho kidude mi sikisogelei tena. Na kweli hakukisogelea, chumba kizima kinang'aa isipokuwa ile kona, vumbi limejaa mpaka unaweza kuandika jina. Wiki tatu zilizobaki za fildi yangu nikawa napanda Ijumaa saa kumi na moja na ufagio, navuta kimeza, nafagia mwenyewe.